Pointi Mbili za Kigali Hazikudai Mtu Mrefu

Timu ya taifa ya mpira wa kikapu ya Kenya, Morans, ikitolewa mashindanoni, swali ni lile lile kutoka Mtwapa hadi Malindi: nimpe nini mwanangu arefuke, maana si mmeona Morans walivyokosa watu warefu? Limeulizwa mpaka limechakaa, na wengi wanaoliuliza wamekwisha kujipa jibu. Wanachotaka ni jina la dawa tu. Nalijibu leo kwa kirefu kwa sababu limebeba makosa mawili. La kwanza linahusu sababu ya Kenya kushindwa. La pili linahusu mfupa wa mtoto, na hilo linawala wazazi fedha na kuwaweka watoto hatarini.

Tuanze uwanjani, kwa kuwa matokeo yameandikwa. Mwaka 2021 kule Kigali, Morans walicheza AfroBasket, ubingwa wa Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993, mashindano yalipofanyika Nairobi. Waliifunga Mali katika kundi, kisha wakatolewa mlangoni mwa robo fainali na Sudan Kusini, 60-58. Sudan Kusini ni nchi ya Wadinka na Wanuer, watu wanaotajwa miongoni mwa warefu zaidi duniani. Kama kimo ndicho kilichotuangusha, mchezo huo ndio uliopaswa kutuzika kwa pointi thelathini. Tulipungukiwa mbili. Tena tazama hesabu ilikoharibika. Timu iliyozidiwa kimo huumizwa chini ya kikapu chake: hupokonywa mipira inayorudi kutoka ubaoni na kufungwa kwa karibu, tena na tena, mpaka ubao wa matokeo ufurike. Kumzuia mpinzani wa aina hiyo asipite pointi 60 kwa dakika 40 ni ulinzi mzuri. Kilichopungua ni zile 58 zetu. Katika fainali ya mashindano ya AfroCan kule Bamako mwaka 2019 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitufunga 82-61. Ulinzi ulivuja siku hiyo, sikatai, lakini ufungaji wetu ulikwama pale pale kwenye sitini. Na kule Yaoundé, Februari 2021, Morans walipofikisha 74 waliiangusha Angola kwa pointi moja, kwa mtupo wa mwisho wa Tylor Okari Ongwae. Kati ya Yaoundé na Kigali hakuna mchezaji aliyefupika. Kilichobadilika ni idadi ya mipira iliyoingia ringini.

Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, kwa mrefu na kwa mfupi. Mstari wa mtupo huru uko mita 4.6 kutoka ubaoni, na anayesimama pale hakuna wa kumrukia usoni. Pointi mbili ni mitupo huru miwili. Mzazi anayetoka kutazama mchezo wa tofauti hiyo akaenda kutafuta dawa ya kurefusha, hajautazama mchezo.

Nitaulizwa: mbona basi makocha duniani kote wanatafuta warefu, na mbona wale wa NBA wanakaribia wastani wa mita mbili? Ni kweli, na sina haja ya kulipinga. Kimo kinasaidia, na watu wawili wakilingana kwa ujuzi kocha atamchukua aliye mrefu. Lakini uteuzi huo ndio unaowadanganya wazazi. Wanaona wachezaji warefu, wanahitimisha kwamba mchezo umewarefusha, ilhali warefu ndio waliochaguliwa wakiwa tayari wamerefuka. Na kimo peke yake hakijengi timu. Angola, mabingwa wa Afrika mara 12 hadi 2025, walijenga ufalme wao kwa kasi, pasi na mitupo ya mbali; mwaka 1992 kule Barcelona waliwafunga Wahispania kwao katika Olimpiki, 83-63, bila jitu hata moja kikosini. Sudan Kusini nao, kimo wanacho tangu zamani. Manute Bol, mita 2.31, aliingia NBA mwaka 1985. Lakini Kombe la Dunia watu wake walilifikia mwaka 2023. Naelewa kwamba vita viliwanyima miaka mingi na kwamba nchi yenyewe ilizaliwa 2011. Hiyo ndiyo hoja yangu: kimo kilikuwepo muda wote, na kilikaa bila kazi mpaka Luol Deng alipochukua uongozi wa shirikisho, akawakusanya vijana waliokuwa wamefunzwa Marekani na Australia, akawapa kocha na programu. Nasi Kigali hatukwenda bila mrefu. Tom Wamukota, mwenye zaidi ya mita mbili, alikuwa pale.

Sasa hizo dawa. Mtoto hurefuka kwa sababu karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka la gegedu linalozalisha mfupa mpya. Balehe inapokwisha, tabaka hilo hugeuka mfupa na kufunga. Kwa wasichana wengi ni kati ya miaka 14 na 16, kwa wavulana hadi 18 au zaidi kidogo. Likishafunga, hakuna kidonge, unga, mafuta wala dawa ya maji ya kulifungua. Hakuna. Muuzaji anayemwahidi kijana wa miaka 20 sentimita kumi kwa miezi mitatu anamwibia, hata kama pakiti ina picha ya daktari. Kwa mtoto ambaye bado anakua, unga huo ama haufanyi kitu au una vitamini anazozipata katika samaki na mchicha, na vitamini kuzidi mahitaji hazimrefushi aliyeshiba. Kalisiamu huimarisha mfupa. Haiurefushi kupita ulivyopangiwa na urithi.

Wapo wanaoniambia wamepima wenyewe: kijana kaning'inia kwenye chuma nusu saa, akaongezeka sentimita nzima. Ameongezeka, ndiyo. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vinavyobanwa na uzito wa mwili mchana kutwa na kujaa tena tukilala, na ndiyo maana kila mtu ni mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Kuning'inia kunavinyoosha visahani hivyo kwa muda. Akishuka, akatembea kutoka Shela hadi Barani hapa Malindi, sentimita imekwenda. Kuruka kamba nako kunajenga misuli na pumzi, na mchezaji anavihitaji vyote viwili, lakini kimo hakiongezi.

Linalonikasirisha zaidi ni michanganyiko isiyo na orodha ya kilichomo. Unga wa kukuza mwili umewahi kukutwa na steroidi duniani kote, na steroidi kwa mtoto anayekua huharakisha kufunga kwa lile tabaka la gegedu. Yaani mzazi analipia dawa ya kumrefusha mwanawe, na dawa inamfupisha. Homoni ya ukuaji ni dawa halisi, lakini ni ya sindano, ya daktari bingwa, kwa mtoto aliyepimwa akaonekana mwili wake hauitoi ya kutosha au ana ugonjwa unaojulikana. Isitoshe, imo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Kijana atakayeitumia kiholela ili afike timu ya taifa atapimwa na shirika la kupambana na dawa hizo, ADAK, naye atafungiwa kabla ya kuvaa jezi.

Kimo cha watoto wetu kinapotea kweli, lakini si katika umri ambao mzazi huanza kuhangaika. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta watoto 37 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano katika kaunti ya Kilifi wana udumavu, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Wastani wa Kenya ulikuwa 18. Hao ni watoto waliorithi kimo fulani na hawakifikii, kwa sababu ya sima tupu isiyo na kitoweo, kuhara kusikokwisha kutokana na maji machafu, maradhi ya mara kwa mara, na mama aliyebeba mimba huku naye hali vizuri. Dirisha la kukiokoa kimo hicho ni siku 1,000, kuanzia mimba mpaka mtoto afike miaka miwili. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya kilichopotea hairudi. Anayetaka Ganze na Magarini, katika kaunti hiyo, zitoe wachezaji warefu mwaka 2045 aanze na kliniki ya wajawazito, maji safi, yai na dagaa. Fedha za kopo moja la unga wa kurefusha zinanunua mayai ya wiki kadhaa.

Sitaki mtu aniambie Pwani hatuna mazingira. Wasichana wa Kaya Tiwi, kule Kwale, wamechukua ubingwa wa taifa wa shule, na timu ya wanawake ya Bandari, KPA, imetawala ligi kuu kwa misimu mingi. Mmeona mtu akiuliza walikunywa nini?

Ya kufanya basi, kwa ufupi. Mtoto wa chini ya miaka mitano apimwe kimo kila akienda kliniki, si uzito peke yake. Mwenye umri wa shule aliyepitwa na wenzake kwa mbali, au ambaye hajaongeza kitu mwaka mzima, apelekwe hospitali ya Malindi au ya rufaa ya Kilifi, si dukani. Kijana alale muda wa saa nane hadi kumi kila usiku. Ale pojo, kunde, samaki, maziwa yakipatikana. Wadogo watupe kwenye ringi ya mita 2.60 na mpira namba 5; mpira mkubwa kwenye ringi ya juu huwafundisha kurusha kwa bega, na kosa hilo huwa gumu kulitoa. Viwanja vyetu viko wazi, na upepo wa kusi unapeperusha mtupo, kwa hiyo mazoezi ya kutupa yawe alfajiri, upepo ukiwa umetulia na jua halijachoma saruji. Mitupo huru mia moja kila siku, iliyoingia iandikwe kwenye daftari. Mkono wa kushoto ufundishwe kudunda mpira sawa na wa kulia. Na chuma cha ringi kilichopinda kinyooshwe, kazi ya fundi wa kuchomelea ya asubuhi moja.