Unaogopa baiskeli barabarani? Anzia Karura, kando ya mto

JE, ni lini mara ya mwisho ulipopanda baiskeli? Ikiwa wewe ni kama wengi wetu tunaofanya kazi za kuketi jijini Nairobi, basi ulikuwa bado shule ya msingi, na baiskeli yenyewe ilikuwa ya mjomba, ile nyeusi yenye chuma katikati, nawe ukipenyeza mguu chini ya chuma hicho kwa sababu kiti hukukifikia. Tangu hapo umepata kazi, umepata kitambi, na pengine juzi muuguzi amekufunga mkanda mkononi, akatazama kipimo, kisha akakuuliza kama una mawazo mengi.

Hayo yalinipata mimi. Kipimo kilisoma 148 kwa 96, ilhali shinikizo la damu huanza kutiliwa shaka linapofikia 140 kwa 90. Daktari alinipa miezi mitatu. Nikipunguza chumvi na kuutumikisha mwili, huenda nisihitaji vidonge. La sivyo, tungeanza dawa mara moja. Kukimbia sikuweza kwa sababu ya magoti. Na baiskeli katika barabara zetu, matatu zikipitana kushoto na kulia, ni kutafuta ugonjwa mwingine.

Ndipo nilipokumbuka msitu wa Karura. Msitu huu, ulio kati ya barabara za Limuru na Kiambu, una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, na magari ya umma hayapiti ndani. Wazee watakumbuka kwamba ulinusurika chupuchupu: mwezi Januari mwaka wa 1999 Profesa Wangari Maathai alijeruhiwa hapo akijaribu kupanda mti, wakati sehemu za ardhi hiyo zilipokuwa zimegawiwa wajenzi. Leo ukilipa kiingilio langoni unaweza kuendesha baiskeli saa nzima bila kusikia honi. Kama huna baiskeli, utapata ya kukodi.

Njia nyingi za huko ni pana, za udongo mwekundu, na kwenye njiapanda kuna vibao vyenye nambari, hivi kwamba hata mgeni akipotea hakawii kujua alipo. Si kila njia inaruhusu baiskeli. Vijia vingine, hasa vile vyembamba vinavyokaribia maji, ni vya waendao kwa miguu, na ukikuta kibao cha kukataza, shuka utembee. Hutapoteza kitu, maana ni huko utakakoona maporomoko ya maji na mapango ambayo inasimuliwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha.

Sasa nisikilize vizuri juu ya jambo moja. Mito ya Karura imechimba mabonde. Hii ina maana kwamba kila utakapokwenda mtoni utateremka, na kila utakapotoka utapanda. Mgeni hufurahia mteremko, akadhani ameiweza baiskeli, kisha anafika chini na kugundua kwamba mlima uliobaki ni wa kwenda nyumbani. Na usisahau kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa umetoka Mombasa juzi, pumzi itakukatika mapema, na si kwa sababu una ugonjwa.

Mimi nilianguka siku ya kwanza. Nilikuwa nateremka, nikaona mzizi umekatiza njia, nikashika breki moja tu, ile ya gurudumu la mbele, kwa nguvu zangu zote. Gurudumu lilisimama, mimi nikaendelea. Nilichunika kiwiko na kuchekwa na watoto wawili waliokuwa na mama yao. Kofia ngumu nilikuwa nimeivaa, nashukuru, maana kichwa kiligonga chini.

Kwa hivyo jifunze breki kwenye tambarare kabla ya kuukaribia mto. Shika zote mbili polepole, na upunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Unapoteremka, inua makalio kidogo kutoka kwenye kiti, pedali zote mbili ziwe sawa, magoti na viwiko vilegee, na macho yatazame mbele unakotaka kwenda. Ukiukodolea macho mzizi, utaugonga. Na kabla mlima haujaanza, badilisha gia iwe nyepesi. Ukingoja hadi miguu imelemewa, mnyororo utakwaruza na huenda ukatoka.

Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma upande wa mbele, na wengi huacha baiskeli kwa kosa hili tu. Ketini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukiendesha kwa nyayo goti litabaki limepinda kidogo, na hivyo ndivyo linavyotaka. Kwa sababu kiti kinabeba uzito wako, baiskeli haiyagongi magoti kama kukimbia kunavyofanya. Matako nayo yatauma wiki mbili za kwanza. Yatazoea.

Je, ufanye mazoezi kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Wastani ni nini? Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, uko hapo. Kipimo hiki kinawafaa hasa wanaotumia dawa za shinikizo la damu za aina ya beta-bloka, kwa kuwa dawa hizo huzuia moyo kupiga kasi na kuhesabu mapigo kunaweza kukudanganya. Dawa ulizoandikiwa usiziache eti kwa sababu umenunua baiskeli. Anayejidunga insulini achukue glukosi au peremende mfukoni na ashauriane na daktari kwanza. Na yeyote anayebanwa na kifua anapopanda ngazi asianze kabisa kabla ya kupimwa.

Maji ya kunywa beba mwenyewe. Mto unapendeza macho, lakini umepitia makazi ya watu kabla ya kufika msituni, kwa hivyo usiunywe wala usioshee kidonda.

Baada ya miezi mitatu kipimo changu kilisoma 134 kwa 86. Siwezi kukuapia kwamba ni baiskeli peke yake, kwa maana chumvi ya mezani nayo niliiondoa, na mke wangu anadai sifa zote ni zake. Daktari aliniambia niendelee na nirudi kupimwa.

Chagua Jumamosi asubuhi, isiyofuata usiku wa mvua, kwa sababu udongo ule ukilowa huteleza na kunata kwenye tairi hadi gurudumu likatae kuzunguka. Siku ya kwanza baki juu kwenye njia pana kwa nusu saa. Wiki inayofuata teremka mtoni mara moja, upumzike, halafu upande. Ukishindwa katikati ya mlima, shuka uisukume. Mimi niliisukuma Jumamosi nne mfululizo.