Alama ya biashara huishia mpakani

Chukua kopo la siagi ya karanga kwenye mabanda ya wajasiriamali Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa, uligeuze polepole. Mbele kuna jina la bidhaa na picha ya karanga. Nyuma kuna alama ya ubora ya TBS, mistari ya msimbopau, namba ya simu na jina la kampuni. Mwulize mwenye banda kama jina lake limelindwa, atakuonyesha vyote hivyo kwa mkupuo, na ukimbana atatoa cheti cha jina la biashara alichopewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Hakuna hata kimoja kinachomzuia mtu wa banda la pili kuuza siagi kwa jina lilelile. TBS inasema bidhaa imefikia kiwango. Msimbopau unamrahisishia kazi mtu wa kaunta ya supamaketi. Cheti kinaeleza nani anafanya biashara. Hakisemi lolote kuhusu alama inayobandikwa kwenye kopo.

Alama hiyo ina daftari lake na sheria yake, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Kwa Tanzania Bara daftari liko BRELA palepale, na ndiyo maana watu huchanganya: ofisi ni moja, vyeti ni mbalimbali. Haki ya kuwa mwenye alama peke yako huja kwa kusajili, na aliyetangulia kuomba huwa na nguvu kuliko aliyetangulia kuuza. Kwa hiyo wakili au mshauri anayeijua kazi yake humaliza nusu ya shughuli kwa kulipekua daftari kabla fomu haijajazwa. Bahati mbaya wateja wengi humfikia lebo zikiwa zimeshachapwa na gari la kusambazia limeshapakwa rangi. Kumwambia mtu wa namna hiyo, "Mama, jina hili tayari lina mwenyewe," ni sehemu ya kazi ambayo haifundishwi chuo chochote cha sheria.

Ugomvi mkubwa huwa kwenye uteuzi wa jina. Mfanyabiashara anapenda jina linalojisifu: Asali Safi, Unga Bora, Sabuni Nyeupe. Msajili hayapendi, na ana sababu. Neno linalotaja bidhaa yenyewe au sifa yake ni la wauzaji wote. Majina ya mahali nayo yana shida hiyo. Tunayo bia ya Kilimanjaro na tunayo maji ya Kilimanjaro, ya kampuni mbili tofauti, na Japani wanauziwa kahawa ya Kilimanjaro. Mlima ule una wenyewe wengi. Jina la kubuni, au neno lisilohusiana kabisa na kilichomo ndani ya kopo, ndilo linaloshika, ingawa mwanzoni humgharimu mwenye mali matangazo zaidi.

Baada ya jina yanakuja madaraja. Dunia hutumia uainishaji wa Nice wenye madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na ulinzi hufuata daraja uliloombea. Mwenye kopo letu atashangaa kuambiwa kwamba siagi yake iko daraja la 29, unga wa lishe anaotaka kuuanza mwakani uko la 30, na karanga mbichi anazouza kwa magunia ziko la 31. Kila daraja lina ada yake, na hapo mteja huanza kukwepa. Jina kama Azam, ambalo liko kwenye unga, juisi, aiskrimu, boti za Zanzibar, televisheni na timu ya mpira, linaonyesha ukubwa wa kazi hiyo kwa kundi kubwa la kampuni. Kwa mjasiriamali mdogo ushauri wa haki ni madaraja mawili anayoyahitaji kweli. Ya ziada yasingemsaidia, maana alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa ifutwe.

Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la msajili, na kwa siku 60 yeyote anaweza kuweka pingamizi. Jarida hilo lilipaswa kusomwa na kila mwenye alama nchini, maana ndimo jirani anamoonekana kabla hajaingia sokoni. Wanaolisoma ni mawakili wa kampuni kubwa.

Shida nzito zaidi iko mpakani, na mpaka wa kwanza uko ndani ya Muungano. Cheti cha BRELA hakivuki bahari. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008 na wakala wake wa usajili, BPRA. Anayeuza Darajani anapaswa kuomba upya. Akifika mpaka wa Namanga anakutana na KIPI, ofisi ya usajili ya Kenya iliyoko Nairobi. Kenya imo katika Itifaki ya Madrid tangu 1998 na Rwanda tangu 2013, hivyo kampuni ya Nairobi inaweza kwa ombi moja kuitaja Kigali pamoja na nchi kadhaa za Ulaya. Tanzania haimo, hivyo kampuni hiyohiyo ikitaka Dar es Salaam lazima itafute wakala hapa. Tumejiunga na Itifaki ya Banjul ya ARIPO, shirika la mali miliki la kanda ya Afrika, lakini sheria yetu ya ndani haijaipa nafasi inayoeleweka, na mshauri mwangalifu bado humwambia mteja aombe moja kwa moja BRELA. Nchi 17 za OAPI, shirika jingine la Afrika la namna hiyo, nyingi zikiwa zinazotumia Kifaransa, zina usajili mmoja unaotolewa Yaoundé. Jumuiya ya Afrika Mashariki inazungumzia soko moja tangu 2010 na haina kitu cha namna hiyo.

Mpaka huohuo ulisahaulika mwaka 2018, watu walipopandwa na hasira kusikia Disney imesajili "Hakuna Matata". Usajili ule ulikuwa wa Marekani, wa nguo, uliombwa 1994 na kutolewa 2003. Haukumzuia mtu wa Mombasa kusema maneno hayo wala kuuza fulana zake Mombasa. Kisa chenye somo la kibiashara ni cha kikoi: kampuni ya Uingereza ilipotaka kusajili KIKOY huko kwao, wafanyabiashara wa Kenya walipinga, na ombi likaanguka. Kelele za mtandaoni hazina fomu. Pingamizi lina fomu na lina tarehe.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo hatari iko karibu zaidi. Anatengenezesha bidhaa Guangzhou kwa jina lake mwenyewe, na China pia ni nchi ya aliyetangulia kuomba. Kiwanda au dalali akilisajili jina kule, mzigo wa mfanyabiashara mwenyewe unaweza kuzuiwa bandarini kwao. Msambazaji wa nchi jirani anaweza kufanya vivyo hivyo. Dawa ni kifungu kimoja kwenye mkataba kinachowakataza kusajili, na ombi lililowekwa kabla ya sampuli kutumwa.

Halafu kuna utunzaji. Usajili wa Bara ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Siku hizi maombi hupita mtandaoni kwa namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, na akaunti nyingi zimefunguliwa na kijana wa steshenari kwa barua pepe yake na simu yake. Miaka 7 ikiisha, kijana amehama na taarifa zinakwenda kwake. Mshauri makini huuliza kwanza akaunti ni ya nani, kabla hata ya kuuliza jina lenyewe ni lipi.