SUBIRA: JINA LENYE SWALI

Sisi wa Kitale na Bungoma maji tunayoyajua ni ya mto Nzoia. Mbona basi tujali filamu ya bahari ya Lamu?

Filamu yenyewe ni Subira, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ravneet Chadha. Brenda Wairimu anaigiza Subira, msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini. Eti kuogelea si desturi ya wasichana! Anatafutiwa mume, anaolewa Nairobi. Hapo ndipo penye uchungu wa kisa: je, mapenzi yatamea vipi ndani ya nyumba ambamo ndoto ya mmoja imefungiwa?

Wahenga walinena, subira huvuta heri. Lakini subira ni kungoja, au ni kunyamazishwa? Mimi naona anayengoja bado ana tumaini lake, aliyenyamazishwa amenyang'anywa. Na binti kuambiwa "hili si lako" hata huku kwetu tunakujua.

Kenya iliiteua filamu hii kuiwakilisha katika tuzo za 92 za Oscar. Haikushinda, lakini Kiswahili chetu kilisafiri. Wanachama wenzangu, tuitazame, kisha tuijadili bila kuogopana.