Mikoko ya Gazi Yalipa Fadhila

Mzee wa Pwani alipojenga nyumba hakusumbuka kutafuta boriti. Mikoko ilikuwapo, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti yenyewe. Majahazi nayo yalizipakia hadi Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Gazi, huko Kwale, iliuona ubaya wa ukataji huo. Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ilikatwa iwe kuni za viwandani, pakabaki matope matupu. Penye mikoko ndipo samaki na kamba wakuliapo. Ikiondoka, mvuvi naye hupungukiwa.

Miaka ya 1990 watafiti wa bahari pamoja na wenyeji wakaanza kupanda upya. Kisha mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaanzisha mradi wa Mikoko Pamoja, wakilinda hekta 117. Mkoko huvuta hewa ya kaboni inayozidisha joto duniani na kuizika topeni. Wanunuzi wa ng'ambo huilipia kazi hiyo, na fedha zimeleta maji na vitabu vya shule.

Lakini je, jikoni kuwashwe nini? Hapa ndipo penye busara yao: mivinje imepandwa nchi kavu, kuni na miti ya kujengea ipatikane huko. Marufuku peke yake haipiki wali.

Vanga nao wamefuata nyayo hizo. Akiba haiozi, msomaji, hata ikiwa imezikwa matopeni.