Pretzeli za ngano nzima: Soma chumvi kabla ya kumfungashia mtoto

Kwenye rafu za maduka makubwa ya mijini, jirani na krispi na biskuti, unaweza kukuta pakiti za pretzeli. Ni vile vijiti vikavu, au vipande vilivyosokotwa mfano wa fundo, vyenye rangi ya kahawia na chenga za chumvi juu yake. Zilizoandikwa kuwa ni za ngano nzima huwavutia wazazi wanaotafuta kitu cha kuweka kwenye mkoba wa mtoto wa shule. Huwavutia pia wagonjwa wa kisukari na shinikizo la juu la damu walioshauriwa kuachana na vitafunwa vya kukaangwa.

Je, zinafaa? Zinafaa kwa baadhi ya watu na kwa kiasi, lakini neno “ngano nzima” peke yake halitoshi kukuhakikishia usalama.

Pretzeli ni nini?

Zinahusishwa sana na Ujerumani. Wahamiaji wa Kijerumani walizipeleka Marekani, hasa katika jimbo la Pennsylvania, ambako zile kavu za pakiti zilipata umaarufu mkubwa. Hutengenezwa kwa unga wa ngano, maji, hamira na chumvi. Kabla ya kuokwa, donge lake huchovywa au kunyunyiziwa maji yenye magadi, na hayo ndiyo huzipa rangi ya kahawia inayong’aa.

Kwa hiyo, usidanganywe na rangi. Hata pretzeli ya unga mweupe kabisa hutoka kwenye oveni ikiwa ya kahawia.

Faida yake

Punje ya ngano ina pumba kwa nje, kiini kidogo kinachoota, na sehemu kubwa ya wanga katikati. Ngano inapokobolewa, pumba na kiini huondoka pamoja na nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, madini ya chuma, zinki na magnesiamu. Tofauti yake ni ile ile tunayoijua kati ya dona na sembe.

Gramu 28 za pretzeli kavu za ngano nzima, yaani kiasi cha kiganja kimoja kilichojaa, huwa na kalori zipatazo 100, protini gramu 3, nyuzinyuzi gramu 2 na mafuta chini ya gramu 1. Krispi za viazi za uzito huo huo huwa na kalori zipatazo 150 na mafuta gramu 10 hivi, kwa sababu zimekaangwa. Hapo pretzeli zinashinda.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate gramu 21. Gramu 2 ni mwanzo tu. Ndizi mbivu moja ya wastani hukupa gramu 3, tena bila chumvi.

Tatizo ni chumvi

WHO inashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha iliyomo kwenye mboga, mkate na vitafunwa. Watoto wanapaswa kula pungufu ya hapo.

Kwenye pakiti nyingi hutaona neno chumvi bali kiwango cha sodiamu kwa miligramu. Kupata kiasi cha chumvi, zidisha kwa 2.5 kisha gawanya kwa 1,000. Tuseme pakiti imeandikwa miligramu 400 za sodiamu kwa kila gramu 28. Hiyo ni gramu 1 ya chumvi, moja ya tano ya kiwango cha siku nzima. Ukiimaliza pakiti ya gramu 100 ukiwa unatazama mpira, umekula takriban gramu 3.6 za chumvi kabla hujagusa chakula cha jioni.

Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu, moyo au figo, hilo si jambo dogo. Chumvi nyingi hufanya mwili ubaki na maji, na presha hupanda hata kama dawa zinamezwa kwa wakati. Chagua zisizotiwa chumvi, na hata hizo soma kiwango cha sodiamu, kwa sababu donge na magadi navyo huchangia.

Mgonjwa wa kisukari

Kukosa ladha ya sukari hakumaanishi kuwa hazipandishi sukari. Gramu 28 zina wanga wa gramu 23 hivi, karibu sawa na vipande viwili vidogo vya mkate. Na kwa kuwa unga umesagwa laini, mwili huumeng’enya haraka hata kama ni wa ngano nzima.

Pima kiasi chako, kiweke kwenye kibakuli, kisha rudisha pakiti kabatini. Kula pamoja na karanga zisizo na chumvi, yai la kuchemsha au mtindi usio na sukari. Protini na mafuta hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Kwa watoto

Usimpe mtoto wa chini ya miaka minne pretzeli kavu. Ni ngumu, huvunjika vipande vyenye ncha na vinaweza kumpalia, kama ilivyo kwa karanga nzima na bisi. Mkubwa naye ale akiwa ameketi, si akikimbia.

Wanga wake hunata kwenye meno na kuwalisha bakteria wanaotoboa meno, hivyo mpe maji ya kunywa baada ya kula. Mtoto mwenye mzio wa ngano, au mtu ambaye utumbo wake hauvumilii gluteni, asile kabisa.

Unaponunua

Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Cha kwanza kinapaswa kuwa unga wa ngano nzima. Ukikuta “unga wa ngano ulioongezewa virutubisho”, huo ni unga mweupe uliorudishiwa baadhi tu ya vilivyopotea. Linganisha pakiti mbili kwa uzito uleule, chukua yenye sodiamu kidogo na nyuzinyuzi nyingi, na epuka zilizopakwa chokoleti au jibini.

Mzazi ambaye mfuko haumruhusu asijione amemnyima mtoto kitu. Hindi la kuchemsha, kiazi kitamu, ndizi, au karanga za kukaanga bila chumvi kwa mtoto aliyekua ni vitafunwa vizuri kuliko pakiti nyingi za dukani, na mara nyingi ni vya bei nafuu.

Kama una ugonjwa wa figo, zungumza kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe, kwani nafaka nzima ina fosforasi na potasiamu zaidi kuliko iliyokobolewa. Nenda na pakiti yenyewe kliniki ili msome pamoja yaliyoandikwa nyuma yake.