JE, WAJUA? Nguzo ya tatu ya pikapu

Je, wajua kwamba katika Toyota Hilux za zamani, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1968, injini na giaboksi yake hubebwa na nguzo tatu tu? Mbili ziko ubavuni mwa injini. Ya tatu ni chuma kinachokingama chini ya giaboksi, kimefungwa kwa bolti kwenye chasisi na juu yake pana raba. Anayefufua pikapu iliyolala miaka mingi Bunda au Butiama asishangae akikikosa: giaboksi haishuki bila kukifungua, na kilichofunguliwa si lazima kirudishwe.

Wengi huchomelea kipande cha chuma, yakaisha. Hoja yao ina uzito, kwani spea halisi za gari kuukuu ni adimu na fundi wa kuchomelea yuko jirani. Kuchonga chuma kipya mtaani si kosa. Kosa ni kukigandisha bila raba wala bolti. Mtikisiko ambao raba ingeumeza huhamia kwenye chasisi na ganda la giaboksi, na siku ya kubadili klachi itabidi kukata. Kimo nacho kikikosewa, propela hubadili pembe na viungo vyake huisha mapema. Utaambiwa gari la namna hiyo lilifika Musoma salama. Huenda, maana barabara kuu ya Mwanza–Sirari ni lami. Njia za vumbi zinazochepuka humo ndizo kipimo. Kwa hiyo giaboksi iinuliwe kwa jeki na ubao, propela inyooke inavyotakiwa, raba iwekwe, ndipo chuma kipimwe na kukatwa.