Nyamapori Morogoro: Kabla hujatoa hela, jua haya

Inaanza na kunong'onezwa. Umeshuka kwenye basi kununua maji, au umekaa zako kijiweni jioni, jamaa anakusogelea: "Bosi, kuna kitoweo cha porini. Kikavu, kisafi, bei poa." Anafungua kifurushi, harufu ya moshi inakupanda puani. Bei kweli ni nafuu kuliko ya bucha la mtaani. Unawafikiria watoto nyumbani, unatoa hela.

Ukishapokea kile kifurushi, ndugu msomaji, hujabeba mboga tena. Umebeba kitu ambacho sheria inakiita nyara ya Serikali. Na wewe ndiye utakayetakiwa kueleza umeipata wapi.

Mkoa wa Morogoro una mapori mengi. Hifadhi ya Taifa Mikumi ipo tangu 1964. Kusini kuna Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Juu ya mji kuna Milima ya Uluguru na msitu wake. Makao makuu ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, nayo yapo hapa hapa Morogoro. Kwa hiyo nyamapori ni habari ya kila siku, lakini wanaoijua sheria yake ni wachache. Twende taratibu.

Kwa nini minofu inaitwa nyara?

Wengi tukisikia "nyara" tunawaza meno ya tembo au ngozi ya chui. Sivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, nyara ni mnyama mwenyewe, akiwa hai au amekufa, pamoja na sehemu zake: pembe, ngozi, mifupa na hata nyama. Wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Kuna mambo mawili yanayowaponza watu.

La kwanza, thamani haihesabiwi kwa kilo. Ukikutwa na vipande vichache, mtaalamu wa wanyamapori hukadiria thamani ya mnyama mzima. Robo kilo ya swala inaweza kuandikwa mahakamani kama swala mmoja, maana huwezi kupata hiyo robo bila swala kuuawa.

La pili, mzigo wa kuthibitisha uhalali unakuangukia wewe uliyekutwa nayo. "Nilinunua tu kwa mtu simjui" si utetezi. Kesi zenyewe mara nyingi hufunguliwa kama uhujumu uchumi, na kifungo kinaweza kuwa miaka 20 hadi 30.

Unadhani ni vitisho? Mwaka 2023, mkoani Iringa, mwanamke mmoja alihukumiwa miaka 22 jela kwa kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala. Kesi ile ilizua mjadala nchi nzima, na baadaye Mahakama Kuu ilimwachia huru kwa rufaa. Lakini siku alizokaa gerezani hakuna wa kumrudishia.

Kwani nyamapori ya halali ipo?

Ipo. Mwaka 2020 zilitoka kanuni za uuzaji wa nyamapori, zilizofungua njia ya kuwa na mabucha yenye leseni. Nia ilikuwa Mtanzania wa kawaida naye ale nyati au nyumbu bila kujificha, na jangili akose soko.

Nyama ya halali hutoka kwa wawindaji wenye leseni, kwenye mashamba na ranchi za wanyamapori, au kwenye uvunaji ulioruhusiwa na mamlaka. Inatakiwa ikaguliwe na mtaalamu wa mifugo, kisha iuzwe kwenye bucha lililosajiliwa.

Ukienda kununua, fanya hivi:

• Omba kuona leseni ya bucha. Mwenye biashara safi huwa kaitundika ukutani.
• Dai risiti inayoonyesha aina ya mnyama, kilo, tarehe na jina la bucha.
• Usiitupe hiyo risiti mpaka nyama iishe, na ukisafiri na nyama safiri nayo.
• Ukila hotelini, muulize mwenye hoteli kanunua bucha gani. Akianza kung'ang'ania macho, agiza maharage.

Na ukitaka kuwinda mwenyewe? Inawezekana, ila kwa leseni, kwa silaha inayomilikiwa kihalali, kwenye eneo na kwa mnyama aliyetajwa kwenye kibali. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Mikumi au Nyerere hakuna kuwinda kabisa. Mitego ya waya, mashimo, sumu, mbwa na kuwinda usiku ni marufuku hata kama una leseni mfukoni. Twiga yeye msahau: ni mnyama wa taifa, hawindwi.

Aliyegongwa na gari je?

Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Madereva wanalijua lile bango la faini, kila mnyama na bei yake kwa dola. Magari hugonga wanyama, hasa usiku.

Sasa unapita alfajiri, unamkuta swala kalala pembeni, bado wa moto. Hakuna mtu. Roho inakwambia, si ameshakufa jamani, kwani nitakuwa nimemuua mimi?

Mwache. Mnyama aliyekufa bado ni mali ya Serikali, na ukimpakia kwenye buti umekuwa mtu aliyekutwa na nyara. Toa taarifa geti la hifadhi, uendelee na safari.

Uluguru na mitego ya waya

Huku milimani mambo ni tofauti. Hakuna makundi ya nyumbu wala nyati. Wanaowindwa ni wadogo: paa, funo, nguruwe pori. Silaha kubwa ni waya, unaochunwa kwenye matairi chakavu au kukatwa kwenye nyaya za breki, ukatengenezwa kitanzi na kufichwa kwenye njia ya wanyama.

Ubaya wa kitanzi ni kwamba hakina macho. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Aliyetega alimtaka nguruwe pori, anaingia funo mwenye mimba. Au anaingia minde, mnyama mwenye asili ya misitu kama ya Uluguru ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani zaidi ya Tanzania, na ambaye wataalamu wanamweka kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Mtegaji akisahau mahali alipotega au akiugua, mnyama anaozea pale pale bila kumfaa mtu.

Msitu huo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na kuwinda ndani yake ni kosa. Ndipo inapoanzia mito inayolisha Ruvu, maji wanayokunywa watu wa Morogoro, Pwani na Dar es Salaam. Wanyama wanaokula matunda humo ndio wanaosambaza mbegu za miti. Ukiwamaliza, unapunguza na wapanzi wa msitu wenyewe.

"Mnyama amekula mahindi yangu, mimi nisimle?"

Hili ndilo swali gumu, na tusilipite juu juu. Mkulima wa pembezoni mwa hifadhi analala shambani miezi mitatu akifukuza nguruwe pori na ngedere. Usiku mmoja akisinzia, shamba limefyekwa. Halafu anaambiwa aliyemla ni mali ya umma, asiguse. Inauma.

Sheria haikukuacha mikono mitupu kabisa. Unaruhusiwa kujitetea na kulinda mali yako mnyama anapokuvamia. Ila akifa anabaki kuwa wa Serikali, na unatakiwa kutoa taarifa mara moja kwa uongozi wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Mazao yakiliwa kuna malipo yanayoitwa kifuta jasho. Mtu akijeruhiwa au kuuawa kuna kifuta machozi. Majina yenyewe yanakueleza kwamba hiyo si fidia kamili. Hata hivyo idai, na ili uidai unahitaji taarifa iliyoandikwa mapema, kabla ushahidi haujaota majani.

Ipo pia njia iliyowahi kujaribiwa hapa hapa mkoani. Kati ya 1988 na 2003, chini ya mpango wa kuhifadhi Selous uliosaidiwa na Ujerumani, vijiji vya jirani vilipewa mgawo wa wanyama wa kuwinda. Askari wanyamapori wa kijiji waliwinda, nyama ikauzwa kijijini kwa bei ya chini, hela ikaingia mfuko wa kijiji. Kutokana na mawazo hayo zikazaliwa jumuiya za hifadhi kama JUKUMU, Morogoro Vijijini. Mtu anayepata kitoweo kwa mlango wa mbele ana sababu ya kumkamata anayepita dirishani.

Moshi si dawa

Tuseme huogopi polisi. Basi ogopa kimeta. Ugonjwa huu unaua wanyamapori, mifugo na watu, na vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi. Mwishoni mwa 2016 ulilipuka Monduli, Arusha, ukaua nyumbu na mifugo. Mtu huupata hata kwa kuchuna ngozi au kushika nyama yenye ugonjwa. Kuikausha kwa moshi hakuui vijidudu hivyo, na kuchemsha kwa kawaida si kinga ya kutegemea. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kidonda chenye gamba jeusi katikati. Ukikiona, kimbia hospitali na useme ukweli ulishika nyama gani.

Nguruwe pori naye anaweza kubeba minyoo inayokaa kwenye msuli. Na wapo majangili wanaotumia sumu. Ile nyama ya kwenye kifurushi haina mkaguzi wala muhuri, na muuzaji wake kesho hayupo.

Umepata ya halali? Pika hivi

Nyamapori haina mafuta mengi, na msuli wake umefanya kazi. Ukiipika kama ya ng'ombe wa maziwa itakushinda meno.

Chukua kilo moja ya nyati, kata vipande vidogo kukatisha nyuzi. Ponda kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, na hizo pilipili manga za Matombo zinatosha kabisa. Changanya na maji ya ndimu na chumvi, acha saa mbili au usiku kucha mahali pa baridi. Ukitumia papai bichi kulainishia, nusu saa inatosha, ikizidi nyama inakuwa uji.

Chemsha kwa moto mdogo saa mbili au zaidi, maji yakipungua ongeza ya moto. Ikilainika mpaka ndani, bila wekundu wowote, kaanga vitunguu kwa mafuta ya kutosha, tia nyanya na karoti za Mgeta, rudisha nyama na supu yake. Anayependa atie tui la nazi mwishoni. Kula na ugali au ndizi.

Kisha ile risiti uliyopewa buchani, usiifanyie kiberiti. Iweke juu ya kabati mpaka sufuria iwe tupu.